Mto Ruzizi Ndani ya Spika

Hapa Goma mtu akisikia umepata ampli mpya, swali lake la kwanza si chapa wala idadi ya wati. Anauliza, "Inakulaka courant ya ngapi?" Ni swali la mtu mwenye mita ya kulipa kabla, mwenye betri ya sola pembeni ya kochi, anayejua saa ambazo taa za mtaa wake hufifia. Mgeni anaweza kudhani ni swali la mfuko tu. Mimi naamini ndilo swali la kwanza la muziki wenyewe, na jioni tuliyoketi kwa shemeji yangu kule Himbi kusikiliza ampli mbili mpya ilinithibitishia jambo hilo kwa masikio.

Wimbo unaotoka kwenye simu au kwenye sidii ni umeme mdogo mno, hauwezi hata kutikisa karatasi ya spika. Ampli haiuchukui umeme huo ikaunenepesha. Wimbo unafanya kazi ya mkono ulioshika bomba: mkono haumwagi maji, unafungua na kufunga tu, maji yenyewe yanatoka kwenye tangi. Tangi la ampli ni umeme wa ukutani. Kinachosukuma spika ni umeme ule ule unaowasha taa, uliokatwa ukapewa umbo la wimbo. Na sisi tunajua umeme wetu unatoka wapi. Unatoka mto Ruzizi, pale maji ya ziwa Kivu yanapotoka Bukavu kuelekea Tanganyika na kupita kwenye mitambo ya Ruzizi I, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya Ruzizi II ya mwaka 1989, ambayo Kongo inagawana na Rwanda na Burundi. Au unatoka Matebe, kwenye mto Rutshuru, katika mtambo wa megawati zipatazo 13 uliofunguliwa na mbuga ya Virunga mnamo Desemba 2015. Au ni jua lililoanguka juu ya paneli za Nuru, pale Ndosho. Mwimbaji wa rumba Madilu System akiimba sebuleni Himbi, kinachomsukuma hadi masikioni mwetu ni maji ya ziwa lile lile tunaloliona dirishani. Mimi jambo hilo bado linanigusa kila nikiwasha.

Nimekulia Katindo, katika nyumba iliyokuwa na ampli ya baba. Ilikuwa ya aina ya zamani, daraja AB kama mafundi wanavyosema: transfoma kubwa ya chuma, kapasita mbili nene, na mabati ya kupozea joto kwa nyuma. Mtoto hakuweza kuiinua. Ikipiga saa nzima, ukiweka kiganja juu yake unakiondoa haraka. Mama alikuwa akianikia soksi zetu juu yake wakati wa mvua, jambo ambalo baba hakulipenda hata kidogo.

Kila jioni, kuanzia saa moja, mtaa mzima ulipowasha majiko na pasi, umeme ulishuka. Balbu zilikuwa za njano, kisha za rangi ya chai. Ampli ilianza kuvuma, mvumo mzito wa chini usiokwisha, na besi ikalegea. Gitaa la besi lilikuwepo bado, ila noti zake zilishikana. Baba hakugombana na umeme. Alizima, akasema, "Tungojee batu balale." Ilipokaribia saa nne usiku, majiko yakiwa yamezimwa, balbu zilirudi kuwa nyeupe, naye akawasha tena. Docteur Nico, yule mpiga gitaa wa African Jazz na baadaye African Fiesta, kwetu alikuwa mtu wa usiku. Tulimsikiliza tukiwa tumejifunika blanketi, kwa maana Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi.

Sababu naifahamu sasa. Ampli ya namna ile haina kinga dhidi ya kushuka kwa volti. Umeme wa 220 ukishuka hadi 170, volti ndani ya ampli zinashuka kwa kiwango hicho hicho, na kwa kuwa wati hufuata mraba wa volti, karibu asilimia 40 ya nguvu yake inayeyuka. Baba hakuhitaji hesabu hiyo. Alikuwa amejifunza saa za kusikiliza, na alitufundisha sisi.

Januari 17, 2002, Nyiragongo ilipolipuka na lava kupita katikati ya mji hadi ziwani, tulivuka kwenda Gisenyi na wenzetu. Ampli ilibaki, haibebeki. Baba alichukua mfuko wa kaseti. Nyumba ilinusurika, na tuliporudi alifungua kifuniko, akasafisha vumbi jeusi kwa brashi ya viatu, polepole, kipande kwa kipande. Ampli hiyo iko hai mpaka leo. Fundi wetu wa Birere aliibadilishia kapasita zilizovimba, na ndiyo tuliyoipeleka pamoja naye kwa shemeji ipimwe na hizo mpya.

Shemeji anafanya biashara ya vifaa vinavyotoka Guangzhou kupitia Kampala. Alikuwa ameleta ampli mbili. Ndogo ilikuwa na chipu ya TPA3116, kubwa kidogo ilikuwa na TPA3255, chipu zote mbili za kampuni ya Texas Instruments ya Marekani, ndani ya masanduku ya alumini yaliyotengenezwa China. Kubwa yenyewe unaibeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu. Hizi ni za daraja D. Transista zake hazikai nusu wazi zikiunguza umeme wa ziada kuwa joto. Zinafunguka zote au zinafungwa zote, mara laki kadhaa kwa sekunde, na urefu wa kila mfunguo ndio unaobeba wimbo. Koili na kapasita zilizoko mwishoni zinaondoa mpapatiko huo, wimbo unabaki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme, karibu asilimia 90 ampli ikifanya kazi kwa nguvu, inafika kwenye spika, wakati ampli ya baba inapoteza nusu yake au zaidi kwa kupasha sebule joto.

Tuliziunganisha kwenye spika za mbao za omu 8, zilizokuja hapa zikiwa zimeshatumika Ulaya. Shemeji akawasha ile kubwa. Hakukutokea kitu. Kijana wa fundi aliinama, akaweka sikio kwenye kispika cha sauti nyembamba, akainuka.

"Papa, iko inatumika ao?"

"Iko inatumika," fundi akamjibu. "Njo vile inakuwaka."

Hiyo ndiyo hisia yangu ya kwanza ya ampli mpya: ukimya. Miaka yote ya utoto wangu muziki ulikuja ukiwa umekaa juu ya mvumo, kiasi kwamba mvumo ulikuwa sehemu ya rumba. Sasa gitaa lilianza kutoka mahali pasipo na kitu. Nilisikia mpigaji akivuta pumzi kabla ya noti ya kwanza. Nilitaka irudiwe, ikarudiwa.

Kisha shemeji akaongeza sauti, chumba kikajaa, na kila mtu akafurahi. Majirani wawili waliokuwa mlangoni walipiga makofi. Shemeji akageuka kwa fundi, "Umeona mashine?" Fundi akasema neno moja: "Bado."

Namheshimu sana mzee huyu, na nitaeleza alichofanya kwa sababu kinafaa kwa yeyote anayenunua. Sikio la binadamu hupenda kilicho juu zaidi. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson wa Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio hupoteza besi kwanza, pamoja na sauti nyembamba za juu. Kwa hiyo kati ya ampli mbili zinazolingana kabisa, ile iliyowekwa juu kidogo tu itaonekana ina besi zaidi na uwazi zaidi, na mnunuzi ataapa hivyo mbele ya mashahidi. Wauzaji wanalijua hilo hata kama hawajasoma. Fundi alitoa mita yake ya kupimia umeme, akapiga mlio mmoja wa hezi 400 kutoka kwenye simu, akapima volti kwenye ncha za waya wa spika. Akarekebisha kitufe cha sauti cha kila ampli mpaka mita isome volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8 ni wati moja kamili. Akaweka alama ya kalamu kwenye kila kitufe. "Sasa njo tusikilize," alisema.

Wati moja! Shemeji hakuamini kwamba sauti ile, iliyotutosha kabisa tukiwa tumeketi, ilikuwa ya wati moja. Lakini ndivyo ilivyo nyumbani. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu anayeongea hataigundua. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati karibu mara 10.

Dada yangu, mwenye nyumba, ndiye aliyekuwa akibadilisha nyaya nyuma ya kitenge kilichotandikwa juu ya meza, tusijue ipi inapiga. Tulianza na "Mario" ya Franco na OK Jazz, ya mwaka 1985, kwa kuwa hapa hakuna asiyeijua na ndani yake kuna sauti mbili ambazo lazima zitofautiane: Madilu anayelia na Franco anayekaripia. Tukafuata na "Indépendance Cha Cha" ya Kallé na African Jazz, iliyorekodiwa Brussels mwaka 1960. Rekodi hiyo ya zamani haikunisaidia kuchagua ampli, zote ziliipiga sawasawa, ingawa kila nikisikia ile nguvu ya sauti ya Kallé nakaa wima. Wimbo uliotusaidia zaidi ulikuwa wa albamu ya Papa Wemba "Emotion", ya mwaka 1995, iliyorekodiwa kwa uangalifu mkubwa. Sauti yake ya juu, ile inayokaribia kukatika, kwenye ampli ndogo ilikuwa na ukali kidogo mwishoni. Kwenye kubwa ilikuwa imetulia zaidi, na kwenye ya baba ilikuwa laini kuliko zote.

Hapo majirani waligawanyika. Mmoja akataka laini, mwingine akataka wazi. Dada yangu akatoka nyuma ya meza akasema ameshachoka na Wakinshasa, akaweka fleshi ya kwaya yake. Ilikuwa rekodi ya simu, ya ibada ya Jumapili, wimbo wa Kiswahili wa kwaya ya watu wengi kwenye ukumbi wa bati. Yeye anaimba sauti ya pili. Akamwomba shemeji akae nyuma ya kitenge badala yake, akafumba macho. Ampli ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili, akatikisa kichwa. Ya tatu ilipoanza akainua mkono.

"Yaya, unasikia nini?" nikamuuliza.

"Nasikia sisi."

Alikuwa ametofautisha mstari wa sauti ya pili, ambao kwa kawaida unamezwa na soprano, na kwenye mstari ule alimsikia mwenzake anayesimama kushoto kwake. Ilikuwa ile ya TPA3255. Tulirudia tukibadilisha mpangilio, akachagua ile ile. Yeye hakusikiliza ampli kama sisi. Alisikiliza kitu anachokijua kwa koo lake mwenyewe, sehemu ambayo hakuna mtu mwingine chumbani aliyejua kuitafuta. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza ajaribu ampli kwa wimbo gani, simtajii Franco. Namwambia alete kile anachokijua kiasi cha kusikia kilichopungua.

Kuhusu ule ukali, fundi alitueleza. Katika ampli nyingi za bei nafuu za daraja D, koili ya mwisho iko nje ya mzunguko wa kujisahihisha. Koili hiyo hukadiriwa kwa omu fulani. Ukifunga spika ya omu nyingine, sauti nyembamba zinapanda au kushuka kidogo. Kwa hiyo anayesema ampli fulani ni kali na anayesema imepooza wanaweza kuwa wote wakweli, kila mmoja na spika zake. Ampli ya baba haina tabia hiyo, na kwa hilo naitetea.

Saa moja ikafika. Taa zikaanza kupungua nguvu kama kawaida, na mvumo ukarudi kwenye ampli ya baba, ule ule wa utotoni. Zile mpya hazikushtuka. Adapta zake zinapokea chochote kati ya volti 100 na 240 na kutoa volti zile zile kwa upande wa pili. Nilifurahi na pia nilipata uchungu kidogo. Baba alitungojesha hadi saa nne usiku miaka na miaka, na sasa kisanduku hiki kinapiga saa moja jioni bila kumsubiri mtu alale. Angekipenda sana.

Lakini adapta hiyo hiyo ndiyo inayosema ukweli ambao sanduku haliusemi. Kwenye sanduku la ile kubwa iliandikwa wati 300 kila upande. Fundi akageuza adapta, akasoma kwa sauti: volti 48, ampea 5. Zidisha: wati 240. Zote, za pande mbili pamoja. Ampli haiwezi kutoa kisichoingia. Ile ndogo nayo tuliijaribu kwa betri ya sola ya volti 12, na kwa spika zetu za omu 8 hesabu inaipa wati 9 tu kabla haijaanza kukata vilele vya wimbo. Kwa mazungumzo na rumba ya taratibu ilitosha. Seben, ile sehemu ya kasi ya magitaa, ilipoingia na shemeji akaongeza, ngoma zilipasuka. Tulipoipa volti 24 ilipumua, kwa sababu ukizidisha volti mara mbili wati zinaongezeka mara nne.

Chumba nacho kina neno lake, na Goma ina vyumba vya aina mbili. Nyumba yetu ya Katindo ilikuwa ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano. Besi ilipita kwenye mbao ikaenda kwa jirani, ndani ikabaki nyepesi na safi. Kwa shemeji kuta ni za mawe na saruji, besi haina pa kwenda, inarundikana kwenye kona. Tulizisogeza spika kutoka ukutani, hatua moja hivi, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko tofauti yoyote tuliyoisikia kati ya ampli na ampli. Mvua ikianza kwenye bati, basi, hakuna cha kusikiliza, mzime tu mnywe chai.

Ile ndogo niliinunua mimi. Mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa. Niliiweka kwenye betri. Ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini inakula wati chache sana, na betri ya ampea-saa 100, hata ukitumia nusu tu, ina wati-saa 600. Ampli ya baba ingezila katika usiku mmoja na inveta yake. Hatukuwa tunasikiliza muziki. Tulisikiliza habari, simu ikiwa imeshika redio, watu wa nyumba tatu wakiwa sakafuni, sauti imeshushwa kiasi kwamba haikuvuka ukuta. Katika kiwango hicho ampli yenye mvumo ingemmeza mtangazaji. Tulisikia kila jina la mtaa lililotajwa, na kwa majina hayo watu waliamua wakae au wasogee. Nimesoma sifa nyingi za ampli zikizungumzia nguvu. Mimi naisifu hii kwa jinsi ilivyosema kwa sauti ya chini.

Shemeji amerudia biashara yake, kwa shida, na dukani ameongeza vitu viwili: mita ya kupimia volti na kitenge. Mteja anakuja na fleshi yake, anapigiwa kwa kiwango kilicholingana, hajui ipi ni ipi mpaka achague. Wengi huleta nyimbo za kwaya. Na juu ya kila sanduku shemeji ameandika wati za kweli kwa kalamu nyeusi ya alama. Kwenye lile la 300 kila upande ameandika: omu 8, wati 100 hivi kila upande, usizidishe. Mahali pa omu 4 ameacha wazi. Spika zake ziko Kampala zikingoja gari, na fundi ameshasema asiandike chochote kabla yeye hajapima.